Nikinywa Nitaenda Wapi?

Chupa ilikuwa ya nusu lita, ya soda iliyokwisha zamani, imejazwa maji ya kuchemsha ambayo bado yalikuwa na harufu ya moshi wa kuni. Mama muuza vitunguu aliiweka kando ya gunia lake saa moja asubuhi, pale Mulot, pembeni mwa barabara ya Narok kwenda Bomet. Saa tisa alasiri ilikuwa ingali imejaa. Jua lilikuwa limewaka tangu saa nne, vumbi la magari limetua juu ya mafungu ya vitunguu, na yeye tangu aamke alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu cha chai. Nikamuuliza mbona hanywi maji yake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mwanangu, nikinywa nitaenda wapi?"

Choo kilikuwepo. Kipo nyuma ya safu ya maduka, cha kulipia shilingi 10, mlango wake unafungwa kwa kamba. Lakini mama alikuwa na sababu zake. Vitunguu vingebaki na nani? Na shilingi 10 mara tatu kwa siku ni 30, ilhali yeye fungu moja analiuza 20. Sababu ya tatu aliitaja kwa sauti ya chini, akiinama upande wangu ili muuza nyanya wa jirani asisikie. "Choo kile ndicho kinaleta UTI. Mwaka jana ilinishika mara mbili, nikaapa sitakanyaga pale tena. Mwaka huu imenishika mara tatu."

Tulihesabu pamoja kwa vidole. Mara mbili alipokuwa akienda chooni, mara tatu alipoacha. Hesabu ya mtu mmoja haithibitishi lolote, hilo nalijua, lakini inafanana mno na yale ambayo madaktari wamekuwa wakiyasema kwa miaka mingi bila sisi kuwasikia. Woga wa choo umewafanya wanawake wetu waache maji na wabane mkojo, na tabia hizo mbili ndizo zinazoyapa maambukizi ya njia ya mkojo, hiyo UTI, nafasi ya kuota mizizi.

Wakenya wengi wakisikia jina Mulot hukumbuka habari za wizi wa pesa kwa njia ya simu, habari ambazo zimewapaka tope maelfu ya watu wanaoamka alfajiri kuuza nyanya na kuchunga ng'ombe. Naomba leo tuiangalie Mulot hii nyingine. Kituo chenyewe kiko mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, karibu na mto Amala unaoshuka kutoka msitu wa Mau kwenda kuungana na Nyangores na kuwa mto Mara. Upande wa Narok ni mahindi, ngano na mifugo. Ukipanda upande wa Bomet, kuelekea Tirgaga na Kapkoros, unaingia kwenye chai, na chai hiyo unaweza kuifuata kilima baada ya kilima karibu hadi Kericho. Kote huko, sokoni na shambani, utawakuta kina mama wanaofanya kazi mchana kutwa bila tone la maji, na bila kujisaidia.

Ugonjwa wenyewe hauna uchawi. Mara nyingi, karibu mara nane kati ya kumi, anayeusababisha ni bakteria mmoja aitwaye Escherichia coli. Amebeba jina la Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyemgundua mwaka 1885 kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Makao yake ni utumbo wako na wangu, na akikaa huko hana neno. Shida huanza anapotoka nyuma, akatambaa hadi mbele, akapenya kwenye mrija wa mkojo na kupanda mpaka kwenye kibofu. Kwa mwanamume mrija huo una urefu wa sentimita 20 hivi. Kwa mwanamke ni sentimita 4 tu, na mlango wake uko jirani kabisa na anakotoka huyo bakteria. Ndiyo maana takriban nusu ya wanawake wote duniani watauonja ugonjwa huu angalau mara moja maishani, wake kwa wasichana, wacha Mungu na wasio wacha Mungu.

Sasa choo cha soko kimeingiaje hapo? Nimesikia maelezo mengi. Wengine husema mvuke hupanda kutoka shimoni ukamwingia mtu. Wengine husema ni joto la choo, wengine ni mkojo wa waliotangulia. Bakteria hawapandi na mvuke. Ukichuchumaa juu ya shimo, hakuna kinachokugusa. Ukikalia choo cha kukaa, kinachogusa ni mapaja, na njia ya mkojo haiko mapajani. Karibu kila mara, aliyekuletea UTI uliingia naye chooni, yumo tumboni mwako. Choo kichafu kina balaa lake, tena kubwa: kuhara, minyoo, kipindupindu, vyote kwa njia ya mikono isiyonawa na nzi wanaotua kwenye chakula. Hayo yanatosha kumfanya yeyote adai choo safi. Lakini mama akikikwepa choo hicho kwa saa kumi kwa kuogopa UTI, anamkimbia fisi na kuingia kwa chui.

Tazama kinachotokea ndani ya saa hizo kumi. Mkojo ukitoka huwasukuma nje wale bakteria wachache waliofanikiwa kupanda. Usipotoka, au ukiwa haba kwa sababu hujanywa kitu, wanabaki. Wana vinywele vidogo sana vya kujishikilia kwenye ukuta wa kibofu, na wanajua kuzaana. Katika mazingira mazuri ya maabara, Escherichia coli mmoja hugawanyika kuwa wawili kila dakika 20 hivi, maana yake ni kwamba baada ya saa sita yule mmoja ameshapita laki mbili. Kibofuni hawaendi kwa kasi hiyo, na mwili nao unapigana. Hata hivyo, anayebana mkojo kutoka alfajiri hadi magharibi, siku sita kwa wiki, anampa adui muda wa kutosha kujenga nyumba na kuezeka.

Na maji yanasaidia kweli? Swali hilo lilipimwa nchini Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakishikwa na ugonjwa huu mara kwa mara, na ambao kwa kawaida walikunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliombwa waongeze lita moja na nusu ya maji kila siku. Nusu nyingine waliendelea na desturi yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika mwaka mmoja walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7, na wasioongeza mara 3.2. Ni punguzo la karibu nusu. Hawakupewa kidonge wala mzizi. Walichoongeza ni sawa na chupa tatu kama ile ya mama wa vitunguu.

Nilipomweleza habari hiyo, alitikisa kichwa. "Chupa tatu! Hao wanawake wa huko wana choo ndani ya nyumba." Sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Mawaidha ya afya tunayoyasikia redioni huanza na "kunywa maji mengi" na kuishia na "usibane mkojo," kana kwamba kina mama wanabana kwa ukaidi. Mimi nimelelewa na mchuma chai. Kabla mama yangu hajapata vichaka vyake mwenyewe, alichuma vya watu, akilipwa kwa kilo. Alikunywa chai saa kumi na moja alfajiri, akavaa gambuti, akajifunga kiunoni aproni ya plastiki ya kuzuia umande, akatia kikapu mgongoni na kuingia kwenye safu. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono miwili ikienda kwa wakati mmoja kama ya mshona nguo. Mtu aliyevaa hivyo hawezi kujisaidia kwa dakika moja. Lazima atue kikapu, afungue plastiki, avute sketi na suruali ya ndani, na kabla ya yote hayo atoke kwenye safu na kupanda kilima hadi nyumbani kwa mwenye shamba kuomba choo. Robo saa kwenda, robo saa kurudi. Nusu saa hiyo ni kilo, na kilo ni sukari ya watoto. Wanaume waliochuma pamoja naye waligeukia ua, wakamaliza, wakarudi kazini. Yeye alibana.

Jioni alikuwa akilalamika kiuno. Sote nyumbani tuliamini ni kikapu, kwa sababu kikapu kilichojaa majani mabichi ni kizito na njia ya kwenda kituo cha kununulia majani ni ya mteremko na utelezi. Tulimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Kikapu kikalaumiwa kwa mwaka mzima, mpaka usiku mmoja alipotetemeka kwa homa huku akitapika, ndipo mkojo wake ukapimwa na tukaambiwa maambukizi yameshapanda kwenye figo. Alipona. Lakini najua sasa kwamba homa, baridi ya kutetemesha, maumivu ya ubavu au ya kiuno juu kidogo na kutapika, vikija pamoja na mkojo unaochoma, ni safari ya hospitali usiku huohuo, wala si ya kungojewa mpaka kesho.

Sheria inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanyakazi vyoo vinavyofaa na maji ya kunywa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Maneno hayo yako wazi. Yakifika shambani kwa mkulima mdogo mwenye ekari moja na wachumaji wanne, yanapotelea kwenye vichaka. Simlaumu sana mkulima huyo, kwani naye analipwa kwa kilo. Namwomba jambo dogo: awaambie wachumaji asubuhi, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba choo cha nyumbani kwake ni chao pia, na awaachie mtungi wa maji ya kunywa kwenye kivuli mwanzoni mwa safu. Kuna wachumaji wanaoona haya kuomba. Mwenye shamba akitangulia kusema, haya hiyo inapungua.

Kwenye kituo cha kununulia majani nitasema kwa ukali zaidi. Hapo ndipo kina mama kumi, ishirini, hukutana kila siku ya kuchuma, wakapanga foleni, wakapima, wakangoja lori, na lori likikwama kwenye tope wanaweza kungoja hadi giza liingie. Kibanda kipo, mizani ipo, karani yupo. Choo mara nyingi hakipo, au kimebomoka. Sekta iliyojenga viwanda katika vilima hivi, inayosafirisha chai hadi Karachi na London, haiwezi kushindwa na shimo, mabati sita na mlango wenye kitasa. Wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima. Siku ya mkutano wa uchaguzi, kabla ya kuuliza habari za bonasi, mkulima mmoja asimame aulize: choo cha kituo chetu kitajengwa lini?

Kubana tunafundishwa mapema. Darasani mtoto wa kike akiinua mkono kuomba ruhusa, wako walimu wanaomwambia angoje kengele. Kengele ikilia, anakuta foleni. Kiwango cha wizara ni tundu moja la choo kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30, na mwenye macho anajua ni shule ngapi za vijijini zinazokifikia. Msichana wa miaka minane anajifunza kutokunywa maji kabla ya kwenda shule. Akifika miaka arobaini akiwa na gunia la vitunguu Mulot, tunamshangaa. Mwalimu mwenzangu unayesoma makala hii, mtoto akiomba, mwache aende. Akidanganya mara moja katika kumi, somo halitaharibika.

Wasafiri nao wana desturi hiyo. Mama akipanda matatu Nairobi kuja Bomet, safari ya saa nne na zaidi, hanywi kitu tangu jana jioni, maana hajui dereva atasimama wapi na utingo atamjibu nini akiomba. Gari likisimama kwa dakika kumi mahali penye choo, lisisimame kwenye kichaka kinachowafaa wanaume peke yao.

Nirudi nyumbani, usiku, kwa sababu kuna jambo tunaloliona haya. Tendo la ndoa si ugonjwa, na UTI haihesabiwi kati ya magonjwa ya zinaa. Lakini msuguano wake huwasukuma wale bakteria wa nje waingie kwenye mrija, na ndiyo maana maharusi wengi huugua wiki chache baada ya harusi. Ndoa nyingi zimetiwa shaka bure kwa hilo: mke anasema mkojo unachoma, mume anauliza umetoka na nani. Dawa ya kuzuia inayoshauriwa ni kwenda haja ndogo mara baada ya tendo. Sasa hebu fikiria boma la Bomet saa sita usiku, mvua inanyesha kama kawaida yake, choo kiko ng'ambo ya ua, baada ya zizi, na mbwa wa jirani hawajafungwa. Mke hatatoka, atalala. Wazee walijua suluhisho, nalo ni ndoo yenye kifuniko, ndani ya nyumba, inayomwagwa na kuoshwa asubuhi. Au mume aamke, ashike tochi ya simu, amsindikize mkewe. Nimesema mbele ya wanaume kanisani, wengine wakainamisha kichwa, nasema tena hapa gazetini. Ni dakika tano.

Kujisafisha kuna kanuni moja ya kumfundisha mtoto wa kike anapoanza tu kwenda chooni mwenyewe: pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, iwe kwa karatasi au kwa maji. Zaidi ya hapo mwili unajitunza. Lakini madukani kumejaa sabuni za manukato na marashi ya sehemu za siri, na kina dada wanajiosha ndani kwa dawa za kuulia viini, wengine kwa maji ya chumvi. Ukeni wanaishi bakteria wema, wa jamii ileile inayogandisha maziwa, wanaotengeneza ukali unaowafukuza wageni. Ukiwaosha, umewafukuza walinzi na kuliacha lango wazi. Maji safi ya kawaida nje, basi. Baada ya kukoma hedhi walinzi hao hupungua wenyewe, na hiyo ndiyo sababu kogo, yaani bibi mzee, wa miaka sitini anaweza kuanza kushikwa mara kwa mara ilhali ujanani hakujua ugonjwa huu. Asiambiwe ni uzee tu. Kuna krimu ya homoni ya kupaka ambayo daktari anaweza kumwandikia.

Huwa naulizwa juu ya kranberi, tunda jekundu la Marekani ambalo sasa linauzwa kwa vidonge Nairobi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2023 yalikuta linawasaidia baadhi ya wanawake wanaougua tena na tena, na watoto, lakini hayakuona faida kwa wajawazito wala kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za kuwatunzia. Mwenye pesa anunue. Mwenye shilingi mia mbili anunue mtungi mzuri wa maji. Na chai yetu? Chai ni kinywaji, imo kwenye hesabu. Ila ukienda kwenye nyumba nyingi za Kipsigis utaandaliwa chai ya maziwa kabla ya kuandaliwa maji, na mgeni akiomba maji mwenyeji huona ametukanwa. Kikombe cha maji kikitangulia chai, ukarimu hautapungua.

Mjamzito nitamtaja peke yake, kwa sababu kwake ugonjwa huu huja kimyakimya. Mimba hulegeza mirija ya kutoka figoni na mkojo hutembea polepole. Anaweza kuwa na bakteria kibofuni bila kuchomwa wala kuumwa. Wakiachwa bila dawa, kati ya wanawake 100 wa namna hiyo, 20 hadi 30 watapata maambukizi ya figo, na wengine watajifungua kabla ya wakati. Kipimo cha mkojo kimo kwenye kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kina nafasi yake ya kujazwa. Dada, ukiona nafasi hiyo imebaki tupu, uliza. Mwambie muuguzi: mkojo wangu haujapimwa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonwe mara nane, lakini wengi huku hungoja mpaka tumbo lionekane, na ziara ya kwanza, yenye faida kubwa zaidi kwa kipimo hiki, inapotea.

Na wale ambao tayari mkojo unawachoma? Wengi huenda kemisti na kusema, "Nipe dawa ya UTI." Wanapewa Septrin au vidonge vingine vinne kwenye karatasi, kwa kadiri ya pesa waliyo nayo. Maumivu yakitulia siku ya pili, vinavyobaki vinawekwa kwenye kabati kumngoja mgonjwa mwingine. Kati ya mwaka 2018 na 2020 watafiti wa mradi wa HATUA walipima mkojo wa maelfu ya watu wenye dalili hizi nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Takriban theluthi moja tu ndio waliothibitishwa maabarani kuwa na maambukizi ya bakteria. Na kati ya bakteria waliopatikana, takriban nusu walikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi. Soma tena hesabu hizo polepole. Watu wawili kati ya watatu wangemeza dawa ya ugonjwa ambao haukuthibitishwa, pengine shida ilikuwa fangasi, kisonono, klamidia au sabuni tu. Na yule wa tatu angeweza kumeza dawa isiyofanya kazi. Usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kwa hiyo mkojo upimwe kwanza. Acha wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati kwenye chupa safi ya maabara, na dawa utakayopewa imalize hadi kidonge cha mwisho. Longisa, hospitali ya rufaa ya kaunti, haiko mbali na Mulot. Zahanati ziko karibu zaidi.

Nilirudi Mulot baada ya wiki tatu. Sikuwa nimemwahidi mama chochote, na sikutarajia kukuta tofauti, kwa maana mkutano mmoja na mgeni hauondoi woga wa miaka. Gunia lilikuwa mahali pake. Alinisalimu kwa Kikipsigis, akacheka matamshi yangu ya mjini, kisha akanieleza habari. Alikuwa amezungumza na muuza nyanya. Ikawa kwamba naye alikuwa akibana, naye alikuwa akinunua vidonge vinne vinne, na kwa miaka sita wamekaa ubavu kwa ubavu kila mmoja akimficha mwenzake. Wakaingia wengine watatu, wa kabichi, wa viazi na wa mitumba. Wanaangaliziana mali kwa zamu. Walimwendea kijana wa choo wakamwambia wao ni wa kila siku, hawawezi kulipa kama abiria, wakakubaliana shilingi 10 kwa siku, uingie mara utakazo. Wamemletea na ndoo ya majivu ya kumwaga shimoni, na mtungi wa bomba wenye sabuni iliyofungwa kwa uzi.

"Na UTI?" nikauliza.

"Bado ni mapema. Lakini siku hizi nalala." Chupa yake ilikuwa kando ya gunia. Ilikuwa saa sita na robo mchana, na maji yalikuwa yamebaki chini, kama vidole viwili.

Akainuka, akajikung'uta vumbi kwenye leso. Muuza nyanya alikuwa amevuka barabara kutafuta chenji. "Mwanangu, niangalizie. Fungu ni 20, na usimpunguzie mtu."

Nikakaa kwenye kigoda chake. Matatu ya kwenda Bomet ikasimama, abiria mmoja akachungulia dirishani na kuuliza vitunguu ni pesa ngapi. Nikaisogeza chupa kivulini, nikainua fungu moja kwa mikono miwili, nikamwambia.